Kibali cha Kusikiliza Hadithi: Fomu za Maadili ya Utafiti na Fanani wa Usambara

Utangulizi

Ndugu msomaji, ukipita kwenye rafu za tasnifu za fasihi katika maktaba ya chuo, utaona jambo ambalo halihitaji miwani. Riwaya zimejaa. Shaaban Robert yumo, Kezilahabi yumo, Shafi Adam Shafi yumo, na kila mwaka wanahakikiwa upya kwa nadharia nyingine. Fasihi simulizi, ambayo katika mihadhara ya mwaka wa kwanza tunaambiwa kuwa ndiyo mama wa fasihi andishi, inaambulia kijisehemu kidogo tu. Inapofika wakati wa kuchagua mada, watu wanampita mama mlangoni na kwenda kumsalimu mtoto.

Maelezo yanayotolewa aghalabu ni kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, eti wanaogopa vumbi la kijijini. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuna mkono mwingine unaochagua mada kabla ya mwanafunzi hajazichagua mwenyewe. Mkono huo ni utaratibu wa vibali vya maadili ya utafiti. Riwaya haiombewi kibali: unainunua, au unaazima, unasoma, unaandika. Bibi wa Mlalo anayejua hadithi kumi anaombewa kibali, na kibali chenyewe kimeandikwa kana kwamba tunakwenda kumtoa damu.

Nazungumzia Usambara kwa sababu ndiko nilikokwenda kukusanya masimulizi ya asili ya Wakilindi kwa ajili ya tasnifu yangu. Kwanza nitaeleza njia inayopitwa na barua, maana wenzetu wengi hawaijui mpaka iwakute. Pili nitaeleza fomu yenyewe ilitoka wapi. Tatu nitaonyesha mahali ambapo fomu na fanani hawaelewani. Kisha nitasema neno la kuitetea fomu, kwani haki inataka hivyo, na mwisho nitatoa maoni yangu.

Njia ya barua

Wengi huingia kwenye jambo hili wakidhani kuwa kibali ni karatasi moja. Si moja. Kwa mwanafunzi Mtanzania wa chuo kikuu cha umma, msingi wa kibali ni waraka wa serikali wenye kumbukumbu Na. MPEC/R/10/1 wa tarehe 4 Julai 1980. Waraka huo ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa walimu na wanafunzi wake, kwa niaba ya serikali na ya lile baraza la taifa la utafiti lililojulikana kwa jina la UTAFITI. Baraza hilo lilirithiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mgeni kutoka nje ya nchi huenda moja kwa moja COSTECH, halafu anashughulikia kibali chake cha kuishi nchini. Anayetafiti magonjwa na miili ya watu hupita Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Sasa basi, barua ya chuo haikupeleki kijijini. Inakupeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na kwa Usambara maana yake ni Tanga mjini. Mkoa unaandika barua yake kwenda wilayani. Wilaya inaandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Halmashauri inaandika kwa Mtendaji wa Kata, wa kata kwa wa kijiji, na wa kijiji anakutambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila ngazi ina muhuri wake, na kila muhuri una mwenye kuushika ambaye huenda yuko semina. Anayeijua ramani atanielewa: kutoka Lushoto unateremka Soni hadi Mombo, unapita Korogwe, Segera na Muheza ndipo uione Tanga, halafu unapanda tena mlima na bahasha yako.

Kuna jambo jingine ambalo mtafiti wa fasihi analiona kuliko mtafiti wa kahawa. Hadithi haifuati mipaka ya utawala. Masimulizi ya Mbegha utayapata Mlalo, utayapata Vugha, utayapata Bungu. Mlalo iko Halmashauri ya Lushoto. Vugha, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa Kikilindi, iko Halmashauri ya Bumbuli, ndani ya wilaya ile ile ya Lushoto. Bungu iko Wilaya ya Korogwe. Mbegha mwenyewe, kama masimulizi yanavyosema, alikuwa mwindaji aliyetoka Ungulu akavuka hadi Usambara akifuata nguruwe. Hakuombwa barua ya utambulisho. Anayemfuata leo kwa kinasa sauti anahitaji mafungu matatu ya barua.

Kwa upande wangu, tangu siku nilipopeleka pendekezo kwenye kamati hadi siku nilipoketi kigodani mbele ya fanani wa kwanza, ilipita miezi saba. Pendekezo lilirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza ukurasa wa sahihi ulitakiwa uwe mwanzoni na si mwishoni. Mara ya pili ilitakiwa orodha kamili ya maswali yote nitakayouliza, kwa Kiingereza na Kiswahili. Mara ya tatu kikao hakikufikia akidi, tukapigwa kalenda mpaka mwezi uliofuata. Nilikuwa nimepanga kwenda Januari na Februari, kabla ya masika. Kibali kilitiwa sahihi Januari, lakini kilinifikia mikononi Machi, na muda wake wa miezi mitatu ulikuwa unahesabiwa tangu siku ya sahihi. Mwezi mmoja na nusu ulishaliwa na bahasha. Mvua nazo zilikuwa zimeanza, barabara za juu zimekuwa matope, na watu wako mashambani toka alfajiri. Nilipofika kijijini na barua zangu saba, mtendaji alizisoma zote kwa utulivu, akaniangalia, akasema, "Kumbe ni hadithi tu? Si ungekuja tu, ndugu yangu!"

Katika kundi letu tulikuwa watano tulioandika mada za fasihi simulizi. Watatu walibadili mada kabla ya kufika mkoani. Mmoja wao sasa anahakiki riwaya. Simlaumu, ada inahesabika na muda wa kumaliza masomo unahesabika. Ila nasema hivi: huyo hakuikimbia fasihi simulizi. Alizungushwa mpaka akachoka.

Fomu ilitoka wapi?

Mtu akiisoma fomu ya ridhaa kwa makini atashangaa lugha yake. Inazungumza juu ya "madhara", "maumivu", "haki ya kujitoa bila matibabu yako kuathirika". Mimi nilikuwa nakwenda kusikiliza hadithi ya mwindaji na simba. Matibabu yametoka wapi?

Jibu ni la kihistoria. Mwaka 1947, mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu madaktari wa Kinazi kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa iliweka kanuni kwamba hakuna mtu atakayefanyiwa jaribio bila hiari yake. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Azimio la Helsinki. Huko Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa ndiyo dawa. Wenyewe walidanganywa kuwa wanatibiwa. Aibu ya Tuskegee, kama inavyoitwa, ndiyo iliyozaa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, na kutoka hapo kamati za maadili zikaenea katika vyuo vikuu vya dunia.

Kwa hiyo fomu hii ina asili ya heshima. Ilizaliwa ili kumzuia daktari asimtumie mgonjwa kama panya wa maabara. Tatizo ni kwamba ilipotoka hospitali kwenda kwenye vitivo vingine haikubadilishwa nguo. Ikaja kwa mwanahistoria, ikaja kwa mwanaisimu, ikaja kwetu wa fasihi, ikiwa bado imevaa koti jeupe.

Na hapa kuna kichekesho. Huko Marekani kwenyewe, kanuni za serikali kuhusu utafiti unaohusisha binadamu zilirekebishwa, na marekebisho yakatangazwa Januari 2017. Yanasema wazi kwamba historia simulizi, uandishi wa habari, wasifu na hata uhakiki wa fasihi havihesabiwi kuwa utafiti wa aina hiyo, pale vinapomhusu moja kwa moja mtu yule ambaye habari zake zinakusanywa. Yaani waliotushonea koti wamekwisha kulivua, sisi bado tunafunga vifungo.

Fomu na fanani

Nitaje sasa mahali panne ambapo, kwa maoni yangu, fomu na fanani hawaelewani.

Kwanza ni jina. Fomu inaagiza kuwa jina la anayehojiwa lifichwe, na badala yake iandikwe namba. Kwa mgonjwa hii ni hifadhi. Kwa fanani ni wizi. Katika fasihi simulizi nani anasimulia ni sehemu ya maana ya kinachosimuliwa. Chukua masimulizi ya Mbegha. Yapo yaliyoandikwa, maarufu zaidi yakiwa ya Abdallah bin Hemedi, yaani Habari za Wakilindi, yaliyochapwa upya na East African Literature Bureau mwaka 1962. Lakini kila msimulizi huweka uzito mahali pake. Mmoja atakaa sana kwenye habari ya Mbegha kuzaliwa kigego na kufukuzwa na nduguze. Mwingine atakaa kwenye nyama ya nguruwe aliyowagawia watu wa milimani. Mwingine atafika haraka kwenye simba aliyemuua na watu kumpa utawala. Kama msimulizi ni wa ukoo wa Wakilindi, hadithi ni ya mtawala aliyestahili. Kama si wa ukoo huo, huenda ikawa ya mgeni aliyekaribishwa kwa nyama. Sasa wewe mhakiki utafanya nini na "Mtoa Taarifa Na. 4, mwanamke, miaka 70 na zaidi"? Ukoo umefutwa, kijiji kimefutwa, aliyemfundisha amefutwa. Kinachobaki ni hadithi yatima.

Nilimsomea kifungu hicho bibi mmoja wa upande wa Mlalo, kwa Kiswahili cha polepole, na mjukuu wake akimfafanulia kwa Kisambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na jina lako wewe, mjukuu wangu, nalo litafichwa?" Nikamwambia hapana Bibi, la kwangu litaandikwa juu ya kitabu. Akasema, "Maneno yangu, jina lako. Haya, andika." Katika makala haya simtaji kwa jina. Si kwamba hakutaka. Kibali nilicho nacho hakiniruhusu kumtaja.

Hata istilahi yenyewe inatuumbua. Kwenye fomu yeye ni "mtafitiwa", jina lililoundwa kutokana na kitenzi cha kutendwa. Kwenye vitabu vyetu vya nadharia yeye ni "fanani", mtu mwenye sanaa, mtendaji. Hatuwezi kumwita fanani darasani na mtafitiwa kamatini, halafu tukasema tunaheshimu fasihi simulizi.

Pili ni sahihi. Kamati inataka ridhaa iwe ya maandishi, iwe na sahihi au dole gumba. Kwa mzee wa kijijini, karatasi inayotakiwa kuwekwa dole gumba ina habari mbili tu: shamba au deni. "Hii ni ya shamba?" niliulizwa zaidi ya mara moja. Mazungumzo yaliyokuwa yameanza vizuri na shikamoo na uji yakapoa ghafla. Karatasi iliyokusudiwa kumtoa mtu hofu ndiyo iliyoileta hofu.

Na jamii zetu hazikukosa njia za kuomba ridhaa. Mtu hupiga hodi mlangoni. Akiitikiwa karibu, anaingia. Akipiga mara tatu bila jibu, anaondoka, na hakuna aliyekosewa. Hadithi nayo ina hodi yake. Msimulizi husema paukwa, hadhira hujibu pakawa. Wasipojibu, hakuna hadithi. Ridhaa ya namna hii inatolewa na pande zote mbili, tena inarudiwa kila utambaji unapoanza, na hadhira ikinyamaza katikati msimulizi anajua kuwa amefukuzwa. Sahihi ya fomu inatolewa mara moja, upande mmoja, na kwa mtu ambaye pengine hajaisoma.

Tatu ni hadhira. Fomu inasema kuwa mtoto wa chini ya miaka 18 yumo katika kundi linalohitaji ulinzi maalumu, na kwa kila mtoto iwepo ridhaa ya mzazi. Ni sawa kabisa kama unakwenda kuwahoji watoto. Lakini hadithi za jioni zinatambwa kwa nani kama si watoto? Siku moja walikuwapo wajukuu sita jikoni, wa mama watatu tofauti, na mmoja wa mama hao yuko Dar es Salaam. Kwa kufuata fomu barabara ilibidi ama watoto watolewe nje, ama kinasa sauti kizimwe. Wakitolewa nje, bibi anamtambia nani? Atanitambia mimi, mtu mzima mwenye kalamu, na hiyo si hadithi tena. Ni muhtasari wa hadithi.

Nne, na hili ndilo lililonisumbua zaidi, ni hatima ya kanda. Fomu niliyopewa inaagiza kuwa sauti zote zilizorekodiwa ziharibiwe baada ya miaka mitano. Kwa majibu ya hojaji juu ya ugonjwa wa mtu, naelewa. Kwa fasihi simulizi ni sawa na kumwambia mtu akusanye miswada ya mashairi ya karne iliyopita, aihakiki, kisha aichome. Sauti, mapumziko, wimbo ulio katikati ya hadithi, kicheko cha hadhira: hivyo ndivyo matini yetu. Tukiviharibu, atakayekuja baadaye hataweza hata kutuambia kuwa tulikosea.

Neno la kuitetea fomu

Msomaji asije akanielewa vibaya. Sisemi kwamba mtafiti aachiwe tu apande mlima atakavyo. Ikiwa kuna mahali penye sababu ya kumwuliza mgeni mwenye daftari anataka nini, ni Usambara.

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata katika milima hii ua dogo la rangi ya zambarau. Likapelekwa Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya huyo ofisa. Leo linauzwa dunia nzima katika vyungu vya madirishani. Ua ni la Usambara, jina ni la ofisa. Hapa na pale linaitwa pia kwa jina la Usambara, lakini fedha ya chungu haikupanda mlima. Ndugu zangu, hilo ndilo swali la bibi yule wa Mlalo, ila yeye aliliuliza juu ya maneno.

Tena, utawala wa Kiingereza ulikuja na mpango wake wa kuhifadhi ardhi, ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946 na kuenezwa milimani katika miaka ya 1950. Wataalamu walikuwa wamepima, wamechunguza, wameandika. Kilichofuata ni watu kulazimishwa kulima matuta. Wasambaa, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walipinga, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Mwanahistoria Steven Feierman ameeleza habari hii katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, na anaonyesha jinsi wakulima walivyoijadili kwa lugha yao wenyewe ya kisiasa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Kwa hiyo mzee anayeuliza "hii ni ya shamba?" hana ushamba wowote. Ana kumbukumbu.

Kadhalika zipo kazi za fasihi simulizi ambazo jina lake ni hatari kweli. Wimbo wa kumkejeli kiongozi aliye hai, kisa cha uchawi kinachotaja jirani, simulizi ya ugomvi wa mirathi. Hapo usiri ni wajibu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si hiari ya mtafiti peke yake. Ninachokataa ni usiri wa lazima, unaowekwa na mtu wa mjini juu ya mtu ambaye hakuulizwa kama anautaka.

Kwa kifupi, malalamiko yangu hayasemi kuwa kamati zina maadili mengi mno. Yanasema kuwa zinahimiza maadili ya taaluma nyingine na kuyaacha ya taaluma yetu. Fomu ina kurasa nne juu ya madhara. Haina swali hata moja juu ya kumrudishia fanani nakala ya hadithi yake, wala juu ya jina lake kuandikwa, wala juu ya kitakachotokea kama hadithi hiyo ikitiwa kwenye kitabu cha shule na kuuzwa. Na mambo haya hayakosi msingi wa kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 imetenga sehemu nzima kwa ajili ya kulinda sanaa za jadi. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi mwaka 2016, walipotunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii na kuitambua jamii kuwa ndiyo mwenye mali.

Nini kifanyike?

Natoa maoni matano, na naomba wahadhiri na wanafunzi wenzangu wayajadili.

(i) Kamati ziwe na fomu ya pili kwa ajili ya fasihi, historia na isimu. Utafiti usiogusa mwili wala siri ya mtu upitiwe na idara kwa muda uliowekwa. Si lazima kila hadithi ingoje akidi.

(ii) Fanani aulizwe kuhusu jina lake, na jibu lake lifuatwe. Anayetaka atajwe atajwe kwa ukamilifu, pamoja na kijiji chake na aliyemrithisha. Anayetaka kufichwa afichwe. Kawaida iwe kumtaja, na si kumficha.

(iii) Ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa ikubaliwe sawa na sahihi, kwa lugha anayoichagua fanani mwenyewe. Ile hodi ya jadi iingizwe kwenye kanuni. Kwa watoto walio katika hadhira, ridhaa ya mkubwa wa nyumba ile itoshe maadamu hawahojiwi.

(iv) Kanda zisiharibiwe. Nakala moja ibaki kwa fanani au familia yake, moja chuoni, na nyingine itunzwe wilayani, mahali ambapo mwalimu wa sekondari wa Lushoto anaweza kuitumia bila kusafiri hadi Dar es Salaam.

(v) Kibali kianze kuhesabiwa siku mtafiti anapofika wilayani, na barua moja ya mkoa itambuliwe na halmashauri zote za mkoa ule.

Pengine mtu atasema kuwa haya ni ya kuota mchana. Nikumbushe kuwa mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini, baada ya kuchoshwa na watafiti wa kila aina, waliandika wenyewe kanuni za maadili na kumtaka kila mtafiti azifuate. Misingi yao ni heshima, ukweli, haki na kujali. Hawakungoja chuo kikuu chochote kiwaandikie. Sioni kinachowazuia wazee wa Usambara, pamoja na walimu na vijana wao waliosoma, wasikae na kuandika ukurasa mmoja wa namna hiyo. Nadhani ungekuwa mfupi kuliko fomu niliyoibeba, na ungeuliza maswali magumu zaidi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kuwa utaratibu wa vibali umekuwa mhakiki asiyeandika. Hatoi hoja, hasomi matini, lakini anaamua kazi ipi ihakikiwe na ipi iachwe. Kwa sababu yake tunazidi kuwajua waandishi wale wale wachache, na tunazidi kuwa wageni kwa wasanii walio umbali wa nauli moja ya basi kutoka Mombo. Tusipoidai fomu yetu wenyewe, wanaokuja nyuma yetu watapitishiwa mada zao na muhuri kama tulivyopitishiwa sisi.

Kwa wenzangu walio mwaka wa pili na wanaofikiria mada sasa, nina ombi dogo. Msibadili mada. Pelekeni mapendekezo yenu mapema, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na kwenye kifungu cha usiri andikeni wazi kuwa mnaomba ruhusa ya kumtaja fanani kwa jina, na kwa sababu gani. Kamati ikikataa, iandike sababu zake. Mkiwa kumi mlioandika hivyo katika mwaka mmoja, nadhani kamati itakaa kikao, na safari hiyo akidi itatimia.